Malipo ya kadi kwa duka dogo la Bagara: nafuu iko wapi?

Mwenye duka la rejareja Bagara anayetaka kupokea malipo yasiyo ya taslimu hakosi washauri. Ofisa wa benki anampa fomu ya mashine ya POS na kumwambia kwamba wateja wa leo wanatembea na kadi. Kijana wa kampuni ya simu anapita na bango la lipa namba, anasema kusajiliwa ni bure. Jirani anamwambia asijisumbue, watu watume kwenye namba yake ya kawaida kama siku zote. Akiingia YouTube anakuta mashine ndogo za Square na SumUp zikisifiwa kwa bei poa, wala haambiwi kwamba kampuni hizo hazisajili wafanyabiashara wa Tanzania. Akiuliza gharama, kila mmoja anajibu kwa kipimo chake. Huyu anataja bei ya mashine, yule asilimia ya makato, na wa tatu anasema ni bure pasipo kueleza ni bure kwa nani.

Mkanganyiko huu una mzizi. Wote wanapima kipande kimoja tu cha safari ya fedha. Mwenye duka yeye hubeba safari nzima, kuanzia shilingi inapotoka kwa mteja mpaka inapomfikia muuzaji wa jumla anayemletea mzigo. Huduma ya nafuu ni ile inayokata kidogo kwenye safari hiyo yote, na kwa duka dogo la Bagara jibu hilo mara nyingi si mashine ya kadi.

Nani ananunua Bagara

Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na Bagara ni moja ya kata za mji huo. Hapo barabara ya Arusha kwenda Dodoma inakutana na ile ya kwenda Katesh na Singida. Kwa hiyo duka la Bagara huhudumia watu wa aina tatu kwa wakati mmoja: watumishi wa serikali na mashirika wanaolipwa mishahara kupitia benki, wakulima na wafugaji wa vijiji vya jirani ambao fedha zao huja kwa msimu wa mahindi, mbaazi, alizeti au siku ya mnada, na wasafiri wanaoshuka kununua maji na vitafunwa kisha wakaendelea na safari.

Kadi ziko zaidi kwenye kundi la kwanza, na hata humo kazi kubwa ya kadi ni kutoa fedha kwenye ATM mwisho wa mwezi. Mtumishi mwenye TemboCard ya CRDB au kadi ya NMB akifika dukani huwa ameshatoa hela yake, au ameihamishia kwenye simu. Mkulima anayo simu. Msafiri anayo simu, na wachache wana kadi pia. Utafiti wa FinScope Tanzania wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba watu wazima wanaotumia huduma za fedha kwa simu ni kama asilimia 72, na wanaotumia benki ni kama asilimia 22. Hizo ni takwimu za nchi nzima. Mji wenye ofisi za mkoa unaweza kuzidi hapo upande wa benki, lakini pengo lenyewe ni kubwa kiasi kwamba hakuna anayefungua duka la sembe na sukari akategemea wenye kadi.

Hali ni tofauti kwa nyumba ya kulala wageni, duka la vifaa vya ujenzi au duka la dawa lenye mauzo makubwa. Huko mtu hulipa laki mbili au tatu kwa mkupuo, na kubeba kiasi hicho mfukoni ni usumbufu na hatari. Wageni wanaopita kwenda Tarangire au kwenye michoro ya miambani ya Kondoa nao hulala mjini. Tangu Machi 2025, kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutoza bei kwa dola ndani ya nchi, hivyo mgeni asiye na shilingi taslimu anayo sababu ya kutafuta mahali penye mashine.

Simu ilitangulia

Vodacom ilianzisha M-Pesa Tanzania mwaka 2008, wengine wakafuata, na kwa miaka kadhaa kila mtandao ulikuwa kisiwa. Ilipofika 2014 kampuni za simu zilianza kuunganisha huduma zao, na Vodacom ikaingia mwaka 2016. Tangu hapo mtu wa Airtel Money hutuma kwa mtu wa M-Pesa, na wa Tigo Pesa, ambayo tangu mwishoni mwa 2024 inaitwa Mixx by Yas, hutuma kwa wote. Benki Kuu nayo imejenga mfumo wa TIPS unaounganisha benki na mitandao ya simu kwenye njia moja ya malipo ya papo hapo, ikatoa na kiwango cha taifa cha QR kiitwacho TANQR. Shabaha yake ni bango moja dukani kupokea kutoka kila mtandao na kila benki, badala ya ukuta kujaa mabango manne.

Kuna jambo jingine lililowafundisha watu kuhesabu makato. Julai 2021 serikali ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya simu. Malalamiko yakawa makubwa, tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huohuo, ikashushwa tena 2022, na mwaka 2023 ikaondolewa kwenye kutuma. Katika kipindi kile wengi walirudi kwenye noti. Mazoea hayo bado yapo: mteja akihisi kwamba kulipa kwa simu kunamwongezea hata shilingi mia mbili, anakwenda kutoa hela au anakwenda duka la pili. Mwenye duka anayechagua huduma inayomkata mteja asishangae bango lake likikaa ukutani bila kazi.

Makato ya kadi yanakwenda kwa nani

Kadi ikipitishwa kwenye mashine, wanaogawana ni watatu: benki iliyotoa kadi, kampuni ya mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, na benki au kampuni yenye mashine. Mteja halipi chochote cha ziada. Gawio lote linatoka kwenye mauzo ya mwenye duka kwa asilimia iliyoandikwa kwenye mkataba. Ndiyo maana benki yenye mashine haiwezi kushusha bei itakavyo, kwa kuwa sehemu ya fedha hiyo si yake. Umoja wa Ulaya uliliona hilo, na mwaka 2015 ukaweka kikomo cha kile kinachokwenda kwa benki ya mwenye kadi: asilimia 0.2 kwa kadi ya kawaida na 0.3 kwa kadi ya mkopo. Huku kwetu mwenye duka hupambana na mkataba wake mwenyewe.

Ndani ya mkataba huohuo kiwango hakiwi kimoja. Kadi ya benki ileile yenye mashine haina haja ya kupita kwa wengine, hivyo benki ina nafasi ya kukata kidogo. Kadi ya benki nyingine ya ndani hufuata, na kadi ya kigeni kwa kawaida ndiyo ghali kuliko zote. Mwenye duka akitajiwa kiwango kimoja tu, aulize ni cha kadi ipi.

Sasa tuweke hesabu. Chukua kodi ya mashine ya shilingi 20,000 kwa mwezi na makato ya asilimia 2. Namba hizi ni za mfano, kila mtu aweke alizoandikiwa yeye. Duka likiuza kwa kadi shilingi 4,000,000 kwa mwezi, gharama ni 80,000 za makato na 20,000 za kodi, jumla 100,000, yaani asilimia 2.5. Duka likiuza kwa kadi 400,000, gharama ni 8,000 na 20,000, jumla 28,000. Hiyo ni asilimia 7. Mashine ni ileile na mkataba ni uleule, lakini duka dogo limelipa karibu mara tatu kwa kila shilingi. Na duka la vyakula linaloachiwa faida ya asilimia 5 kwenye sukari, mchele na mafuta, likikatwa 7, linauza kwa hasara kila kadi inapopita.

Hata pale mashine inapotolewa bila kodi, mkataba unaweza kuwa na kiwango cha chini cha mauzo. Usipokifikia unalipa faini, au mashine inachukuliwa. Wenye maduka wengi husoma ukurasa wa kwanza wenye asilimia wakaruka wenye kifungu hiki.

Wanaotetea mashine ya benki

Hoja yao ina nguvu. Malipo ya kadi hayana kikomo kidogo kama cha pochi ya simu, fedha inaingia moja kwa moja kwenye akaunti, na muuzaji wa dukani haigusi. Kwa mwenye duka asiyeshinda dukani, hilo ni jambo kubwa. Kumbukumbu za mauzo zinakaa benki ileile atakayoiomba mkopo, na benki humwamini zaidi mtu ambaye mauzo yake inayaona kila siku. Mgeni wa kutoka nje anaweza kulipa papo hapo. Na anayenunua bati na saruji za milioni moja hana haja ya kupanga foleni kwenye ATM kwanza.

Udhaifu wake nao hauna siri. Fedha ya kadi haifiki papo hapo, huingia kwenye akaunti siku inayofuata ya kazi au baadaye. Mauzo ya Ijumaa jioni yanaweza kusubiri mpaka Jumatatu au Jumanne, ilhali duka dogo linazungusha mtaji uleule kila siku. Mashine inataka chaji, laini yenye bando na mtandao uliotulia. Karatasi ya risiti inanunuliwa. Mwenye kadi ya kigeni akipinga malipo kwenye benki yake wiki kadhaa baadaye, fedha inaweza kurudishwa kwake, na duka lisilotunza karatasi zenye uthibitisho linapoteza kesi.

Wanaotetea lipa namba

Hawa wanaanzia kwenye ukweli usiopingika kwamba simu anayo karibu kila mtu. Lipa namba haina mashine, haina kodi, na usajili unahitaji nyaraka chache. Benki nazo zimeingia uwanjani: NMB ina Lipa Mkononi, CRDB ina Lipa Hapa, na Selcom imesambaza QR kwa wafanyabiashara wa mijini. Pale TANQR inapofanya kazi ilivyokusudiwa, mteja wa SimBanking na mteja wa HaloPesa wanaskani bango moja.

Shida ni hilo neno bure. Muamala wa kielektroniki una gharama, na daima yupo anayeibeba. India iliamua Januari 2020 kwamba wafanyabiashara wasikatwe kitu kwenye malipo ya UPI, mfumo wake wa malipo ya papo hapo, na serikali ikalazimika kuzifidia benki kwa ruzuku. Kenya, Lipa na M-Pesa ya mwaka 2013 ilichagua kumkata mwenye duka asilimia ndogo. Tanzania gharama inaweza kumwangukia mteja anayelipa, hasa akitoka mtandao mwingine, inaweza kumwangukia mwenye duka anapopokea, au ikajificha na kujitokeza pale anapotoa.

Hapo pa kutoa ndipo panapowaumiza wengi. Mwenye duka amepokea shilingi 500,000 kwa wiki bila kukatwa. Muuzaji wake wa jumla anataka taslimu au fedha benki. Anakwenda kwa wakala anakatwa, au anahamishia benki anakatwa, na wiki ijayo hivyohivyo. Kama muuzaji wa jumla naye ana lipa namba, au mfumo unaruhusu kuhamisha kwenda benki kwa makato madogo, huduma hiyo ni nafuu kweli. Kama kila shilingi lazima igeuzwe noti kwanza, anayesema ni bure anapotosha.

Udhaifu wa pili ni uthibitisho. Mwenye duka yuko Arusha kufuata mzigo, na simu ya lipa namba anayo yeye. Kijana aliyebaki dukani anaonyeshwa ujumbe na mteja, inabidi apige: "Bosi, imeingia elfu kumi na nane?" Bosi yuko kwenye basi, mtandao hamna. Mteja anasubiri, foleni inaongezeka, na kijana mwishowe anatoa bidhaa kwa kuamini ujumbe ulio kwenye simu ya mtu mwingine. Ujumbe wa kughushi ni rahisi kuutengeneza, hata ujumbe halali wa jana unaweza kuonyeshwa leo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayekuja na bango liwe hili: je, muuzaji aliyeko dukani anaweza kupata taarifa ya muamala kwenye simu yake, bila uwezo wa kutoa fedha? Huduma inayoruhusu hivyo inastahili kulipiwa zaidi kidogo. Bango nalo likaguliwe kila asubuhi, maana kibandiko cha QR ya mtu mwingine juu ya yako hakionekani kwa haraka.

Namba binafsi

Njia iliyozoeleka zaidi ndiyo mbaya zaidi, na mazoea yasituzuie kulisema hilo. "Mama, tuma elfu ishirini, weka na ya kutolea." Mwenye duka anaona hapotezi kitu kwa sababu mteja amebeba makato. Kweli amebeba, lakini ameuziwa bei ya juu kuliko jirani yake aliyelipa noti, na safari nyingine atakumbuka. Fedha za duka zinachanganyika na za ada ya mtoto na za mchango wa harusi, jioni hakuna hesabu inayofunga. Muamala wa mtu kwa mtu pia ndio wenye mwanya wa mteja kupiga simu kampuni baada ya kuondoka na bidhaa akidai amekosea namba. Kwa genge la nyanya na vitunguu njia hii inaeleweka. Kwa duka lenye leseni na TIN, haina utetezi.

Hofu ya TRA

Wengi hawasemi wazi, lakini kinachowazuia kusajili namba ya biashara si makato. Ni hofu kwamba kila muamala utakuwa ushahidi kwa TRA. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa malipo ya kielektroniki yanaacha alama. Ila yapimwe yote. Kodi ya makadirio kwa wafanyabiashara wadogo inatofautisha anayetunza kumbukumbu na asiyetunza. Asiyetunza anakadiriwa, na anapobishia makadirio hana karatasi ya kuonyesha kwamba mwezi fulani biashara ilikuwa chini. Taarifa ya miamala ya miezi kumi na miwili ni kinga yake pia. Tahadhari moja tu: karatasi inayotoka kwenye mashine ya POS wala ujumbe wa lipa namba si risiti ya EFD. Anayewajibika kutoa risiti ya EFD aitoe hata kama mteja amelipa kwa kadi.

Kuna pia ile habari ya VAT iliyoenea. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ilishusha VAT kutoka asilimia 18 hadi 16 kwa mnunuzi wa mwisho anayelipa kielektroniki. Baadhi ya wauza mashine wanaitaja kama sababu ya kila duka kuwa na POS. Inahusu muuzaji aliyesajiliwa VAT, na kiwango cha kusajiliwa ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Duka dogo la Bagara halimo.

Kupima kwa duka lako

Kwa duka la mahitaji ya nyumbani lenye faida nyembamba, uzito unaelemea lipa namba ya biashara, iliyosajiliwa kwa jina la duka na inayopokea kutoka mitandao yote na benki. Kati ya zinazopatikana, achague ile ambayo muuzaji wake wa jumla naye anaipokea, hata kama nyingine ina makato madogo wakati wa kupokea. Shilingi isiyotolewa kwa wakala ndiyo shilingi ambayo haikukatwa. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza na ofisa yeyote, azungumze na wale anaowalipa kila wiki na kuwauliza wanapokea kwa njia gani.

Nyumba ya wageni, duka la vifaa vya ujenzi, duka kubwa la dawa au kituo cha mafuta wana sababu ya kuchukua mashine ya kadi pamoja na lipa namba. Waanzie kwenye benki ambayo wateja wao wengi wanapokelea mishahara, kwa sababu kadi za benki hiyo ndizo zenye nafasi ya makato madogo, na wadai kiwango hicho kiandikwe pekee kwenye mkataba. NMB na CRDB zote zina matawi mjini Babati, kwa hiyo mtu anaweza kuchukua masharti ya moja akayapeleka kwa nyingine. Wachache wanaofanya hivyo, na ni haki yao: Kanuni za Benki Kuu za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinamtaka mtoa huduma aweke wazi tozo zake kabla mteja hajasaini.

Duka lililo katikati, lenye mteja wa kadi mmoja mmoja, lisikimbilie. Kwa mwezi mzima kijana wa kaunta aandike daftarini kila mteja anayeuliza kama wanapokea kadi, alitaka kununua nini, na aliondoka au alilipa kwa njia nyingine. Wanaolipa kwa njia nyingine mashine haikuongezei mauzo yao, inakuongezea makato tu. Wanaoondoka ndio wa kuhesabu. Jumlisha bidhaa walizotaka, kokotoa faida yake, linganisha na kodi ya mashine na asilimia iliyoandikwa kwenye fomu. Faida hiyo isipozidi gharama, fomu ya benki inaweza kusubiri mwakani.